Mgogoro wa mafuta katika Hifadhi ya Aktiki

Mgogoro wa mafuta katika Hifadhi ya Aktiki ni mabishano ya muda mrefu kuhusu kuchimba au kutochimba mafuta ya petroli katika uwanda wa pwani wa Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Aktiki, iliyoko kaskazini-mashariki mwa jimbo la Alaska nchini Marekani. Mabishano hayo yameendelea kwa zaidi ya miaka 40, na yanahusu mambo matatu kwa pamoja: mapato ya nishati, hifadhi ya mazingira na haki za wenyeji asilia.

Mara nyingi mgogoro huu huelezwa kana kwamba una pande mbili tu, yaani kampuni za mafuta upande mmoja, na wenyeji pamoja na wanamazingira upande wa pili. Hali halisi ni tofauti. Wenyeji asilia wenyewe hawana msimamo mmoja. Wagwich'in, wanaoishi kusini mwa milima na kutegemea nyama ya karibuu, wanapinga uchimbaji. Viongozi wengi wa Wainupiat, wanaoishi pwani na kumiliki sehemu ya ardhi inayobishaniwa, wanauunga mkono. Sababu za tofauti hiyo zinapatikana katika chakula cha kila jamii, katika sheria zilizogawa ardhi ya Alaska, na katika swali la nani hupata faida na nani hubeba hasara mafuta yanapochimbwa.

Jiografia

Hifadhi ina eneo la takriban ekari milioni 19, yaani kilomita za mraba 78,000 hivi. Ukubwa huo ni zaidi ya mara tano ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Katikati yake inapita Milima ya Brooks. Kusini mwa milima kuna misitu. Kaskazini hakuna miti, bali tundra inayoteremka hadi Bahari ya Beaufort, ambayo ni sehemu ya Bahari Aktiki.

Chini ya tundra udongo umeganda mwaka mzima. Tabaka la juu tu huyeyuka wakati wa kiangazi, ambacho ni kifupi sana. Kwa sababu hiyo ardhi hupona polepole ikiharibiwa. Magari ya utafiti wa mitetemo yalipita uwandani katika majira ya baridi ya 1984 na 1985, wakati ardhi ilikuwa imefunikwa na theluji, lakini baadhi ya njia zake zilionekana hata zaidi ya miaka 20 baadaye.

Sehemu inayobishaniwa ni uwanda wa pwani wenye ekari milioni 1.5 hivi, yaani takriban kilomita za mraba 6,000. Uwanda huo huitwa pia "eneo la 1002", kutokana na namba ya kifungu cha sheria ya mwaka 1980 kilichoutaja. Mwaka 1998 idara ya jiolojia ya Marekani ilikadiria kwamba chini ya uwanda huo, pamoja na ardhi ya wenyeji na maji ya jimbo yanayopakana nao, kuna mapipa bilioni 5.7 hadi 16 ya mafuta yanayoweza kuchimbwa kwa teknolojia iliyopo. Makadirio hayo yalitegemea vipimo vya mitetemo na miamba ya jirani. Kisima kimoja tu cha utafiti kilichimbwa katika eneo hilo, kwenye ardhi ya Wainupiat, mnamo 1985 na 1986, na matokeo yake hayakutangazwa.

Wanyama

Mnyama anayetajwa zaidi katika mgogoro huu ni karibuu (Rangifer tarandus), jamaa wa kulungu wa nchi za baridi ambaye dume na jike wote huota pembe. Kundi linaloitwa Porcupine, kutokana na jina la mto, lilihesabiwa kuwa na karibuu wapatao 218,000 mwaka 2017. Kila mwaka kundi hilo husafiri kati ya makazi ya baridi yaliyoko kusini na Kanada, na uwanda wa pwani ulioko kaskazini. Safari hiyo inafanana na ile ya nyumbu wa Serengeti na Masai Mara.

Majike hufika uwandani mwishoni mwa Mei na kuzaa mwanzoni mwa Juni. Hali ya mahali hapo huwafaa kwa sababu tatu. Kwanza, majani machanga yenye lishe huchipua wakati uleule ambapo mama ananyonyesha. Pili, mbwa mwitu na dubu ni wachache kuliko milimani. Tatu, upepo wa baharini hupunguza mbu, ambao huko ni wengi kiasi cha kuwakondesha wanyama kwa kuwazuia kula.

Dubu weupe pia hutumia uwanda huo. Majike wenye mimba huchimba mapango ndani ya theluji na kuzaa humo wakati wa baridi. Jinsi barafu ya baharini inavyopungua, ndivyo dubu wengi zaidi wanavyolazimika kukaa nchi kavu. Mwaka 2008 Marekani iliwaorodhesha dubu weupe kuwa spishi iliyo hatarini.

Hifadhi hutembelewa na spishi za ndege zaidi ya 200, wengi wao wakiwa wahamaji. Mmoja wao, Oenanthe oenanthe, ana uzito wa gramu 25 hivi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ndege wa spishi hii wanaozaliana Alaska huvuka Asia nzima na kukaa majira ya baridi katika Afrika ya Mashariki, zikiwemo Kenya na Uganda. Safari ya upande mmoja ni takriban kilomita 14,500.

Wenyeji

Wagwich'in

Wagwich'in ni watu wapatao 9,000 wanaoishi katika vijiji 15 hivi vya Alaska na Kanada. Vijiji vyao vingi viko kwenye njia za karibuu. Kimojawapo ni Arctic Village, mpakani mwa hifadhi upande wa kusini. Huko bidhaa za dukani huletwa kwa ndege na ni ghali sana, kwa hiyo nyama ya karibuu ni chakula cha msingi. Ngozi yake hutengenezwa viatu na mavazi, na mgawo wa nyama huunganisha koo. Mapokeo yao husema kwamba kila karibuu ana kipande cha moyo wa binadamu, na kila binadamu ana kipande cha moyo wa karibuu.

Uwanda wa pwani wanauita kwa lugha yao "mahali patakatifu ambapo uhai huanza". Kwa kawaida hawaendi kuwinda huko, hata zamani za njaa, kwa kuwa ni mahali pa kuzalia. Ndiyo maana watu wanaokaa mbali na visima vinavyopendekezwa ndio wanaovipinga kwa nguvu zaidi: chakula chao huzaliwa hapo.

Wainupiat

Kaktovik, kijiji chenye watu chini ya 300 kwenye Kisiwa cha Barter, ndicho kijiji pekee kilichomo ndani ya mipaka ya hifadhi. Wakazi wake wengi ni Wainupiat. Wao pia huwinda karibuu, lakini maisha yao yameelekea zaidi baharini: huwinda nyangumi na sili na kuvua samaki. Kumpata nyangumi ni tukio la kijiji kizima, na nyama hugawiwa kila nyumba.

Kwa sababu hiyo msimamo wa Kaktovik kuhusu mafuta hutegemea mahali. Wengi waliokubali uchimbaji wa nchi kavu waliupinga ule wa baharini, kwa hofu kwamba kelele na mafuta yanayomwagika yangefukuza nyangumi. Hata kuhusu nchi kavu si wakazi wote wanaokubaliana. Wapo Wainupiat wanaopinga, kama vile wapo Wagwich'in wanaotamani ajira. Katika miaka ya 1980 ardhi ya Wagwich'in wa Venetie na Arctic Village yenyewe ilikodishwa kwa utafiti wa mafuta, ingawa hayakupatikana. Wanaounga mkono uchimbaji hukumbusha jambo hilo mara kwa mara. Wagwich'in hujibu kwamba ardhi ile haikuwa mahali pa kuzalia karibuu.

Historia

Ardhi, bomba na sheria ya 1971

Alaska ilipata hadhi ya jimbo mwaka 1959. Tarehe 6 Desemba 1960 serikali ya rais Dwight Eisenhower ilitenga ekari milioni 8.9 kaskazini-mashariki kuwa eneo la wanyamapori. Mwaka 1968 mafuta mengi yaligunduliwa Prudhoe Bay, takriban kilomita 100 magharibi mwa eneo hilo.

Ugunduzi huo ulileta swali ambalo lilikuwa limeahirishwa kwa karne nzima: ardhi ya Alaska ni ya nani? Bomba la kusafirisha mafuta lisingeweza kujengwa kabla ya kujibu madai ya wenyeji. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapa wenyeji ekari milioni 44 na dola milioni 962.5, na kufuta madai yao kwa ardhi iliyobaki. Ardhi haikukabidhiwa kwa makabila, bali kwa kampuni 12 za mikoa na kampuni zaidi ya 200 za vijiji, ambazo wanahisa wake ni wenyeji.

Mfumo huo unaeleza sehemu kubwa ya tofauti za leo. Wainupiat wa Kaktovik waliingia katika kampuni. Kampuni ya kijiji inamiliki uso wa ardhi ya ekari 92,000 ndani ya hifadhi, na kampuni ya mkoa, Arctic Slope Regional Corporation, inamiliki madini yaliyo chini yake. Lakini hadi 2017 hawakuweza kuchimba mafuta hayo bila idhini ya Bunge. Wagwich'in wa Arctic Village na Venetie walikataa fedha za mwaka 1971 na kuchagua hatimiliki ya ardhi yao ya zamani, ekari milioni 1.8. Hivyo hawana hisa katika mafuta ya pwani.

Bomba lenye urefu wa kilomita 1,288 hivi lilikamilika mwaka 1977, kutoka Prudhoe Bay hadi bandari ya Valdez. Zaidi ya nusu yake limeinuliwa juu ya nguzo ili joto la mafuta lisiyeyushe ardhi iliyoganda.

Uchunguzi wa Berger

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na pendekezo la bomba lingine, la kusafirisha gesi ya Prudhoe Bay kuelekea mashariki, kupitia uwanda wa pwani hadi Kanada na bonde la mto Mackenzie. Serikali ya Kanada ilimteua jaji Thomas Berger kuchunguza athari zake. Kati ya 1974 na 1977 Berger alikwenda katika vijiji na miji 35, akasikiliza watu wapatao 1,000. Wanakijiji walizungumza kwa lugha zao, na ushahidi wa mwindaji uliandikwa pamoja na ule wa mhandisi.

Ripoti yake ya 1977 ilipendekeza kwamba bomba lisijengwe kamwe katika pwani ya Yukon ya kaskazini, na kwamba katika bonde la Mackenzie ujenzi usubiri miaka 10 ili madai ya ardhi yatatuliwe kwanza. Baadaye Kanada ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Ivvavik mwaka 1984 na ile ya Vuntut mwaka 1995, kwa mikataba na wenyeji. Kwa hiyo sehemu ya njia ya karibuu iliyoko upande wa Kanada imefungwa kwa uchimbaji. Mwaka 1987 Kanada na Marekani zilitia saini mkataba wa kuhifadhi kundi la Porcupine.

Sheria ya 1980

Tarehe 2 Desemba 1980 rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyopanua hifadhi zaidi ya mara mbili. Kuhusu uwanda wa pwani, wabunge walishindwa kukubaliana. Wakaamua kwamba utafiti ufanyike, lakini uchimbaji usiruhusiwe mpaka Bunge lenyewe lipitishe sheria nyingine. Uamuzi huo uliahirisha ugomvi badala ya kuumaliza, na tangu hapo uwanda umekuwa hoja katika karibu kila awamu ya urais.

Mwaka 1987 wizara ya mambo ya ndani ilipendekeza uwanda ufunguliwe. Mwaka uliofuata Wagwich'in wa Marekani na Kanada walikusanyika Arctic Village, wakaamua kwa kauli moja kuupinga uchimbaji na kuunda kamati ya kuwasemea.

Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba kusini mwa Alaska na kumwaga takriban lita milioni 40 za mafuta baharini. Muswada wa kufungua uwanda, uliokuwa ukisonga mbele katika Seneti, ulikwama. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha hatua ya kuufungua ndani ya sheria ya bajeti, lakini rais Bill Clinton alitumia kura ya turufu. Mwaka 2005 jaribio lingine lilishindwa katika Seneti.

Hoja za pande mbalimbali

Mapato na huduma

Mwaka 1972 Wainupiat waliunda serikali yao ya mtaa, North Slope Borough, ambayo meya wake wa kwanza alikuwa Eben Hopson. Serikali hiyo hutoza kodi mitambo ya mafuta. Kabla ya hapo vijana wengi waliondoka nyumbani ili kupata elimu ya sekondari katika shule za bweni za mbali. Kodi ya mafuta ilijenga shule vijijini, zahanati, vituo vya zimamoto na mifumo ya maji. Viongozi wa Wainupiat husema kwamba kuwataka wabaki bila mapato hayo kwa ajili ya mandhari inayopendwa na watu wa mbali si haki. Jimbo lote pia hufaidika: tangu 1982 mfuko wa akiba ya mafuta hulipa kila mkazi wa Alaska gawio la mwaka.

Tatizo ni kwamba mafuta ya Prudhoe Bay yanapungua. Bomba lililosafirisha mapipa milioni 2 hivi kwa siku mwaka 1988 sasa husafirisha chini ya robo ya kiasi hicho. Kwa wanaounga mkono, uwanda wa pwani ni njia ya kuendeleza huduma zilizopo. Kwa wanaopinga, ni dalili kwamba huduma za msingi zimejengwa juu ya kitu kitakachokwisha kwa vyovyote.

Athari kwa karibuu

Wanaounga mkono hutaja kundi lingine la karibuu, linaloishi karibu na Prudhoe Bay. Kundi hilo lilikuwa na wanyama wapatao 5,000 katika miaka ya 1970, likafikia zaidi ya 60,000 mwaka 2010 pamoja na kuwepo kwa visima, kabla ya kupungua tena sana.

Wanabiolojia wameeleza kwa nini mfano huo hauwezi kuhamishwa moja kwa moja. Karibu na Prudhoe Bay majike wenye ndama walijitenga na barabara na mabomba, wakaenda kuzalia kwingine. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu uwanda wa huko ni mpana. Ndani ya hifadhi milima iko karibu zaidi na bahari, na kundi la Porcupine ni kubwa zaidi. Majike wakisukumwa kutoka uwandani, watazaa katika vilima vyenye mbwa mwitu na dubu wengi zaidi na chakula kidogo, na ndama wengi zaidi watakufa.

Tabianchi

Aktiki inapata joto kwa kasi kubwa kuliko wastani wa dunia. Ardhi iliyoganda inalegea na mawimbi yanakula pwani, ikiwemo ile ya Kaktovik. Hata sekta ya mafuta inaathirika, kwa kuwa hutegemea barabara za barafu zinazojengwa wakati wa baridi na kuyeyuka bila kuacha lami wala changarawe. Msimu wa kuzitumia umefupika.

Njia za kutafuta uwiano

Mbinu za kiufundi zimepunguza eneo linalochukuliwa na mitambo. Visima vinaweza kuchimbwa kwa kulala, hivyo jukwaa moja hufikia mafuta yaliyo kilomita kadhaa pembeni. Hata hivyo, barabara, mabomba na viwanja vya ndege huunganisha majukwaa hayo. Karibuu huathiriwa na mtandao wote, si na ekari zilizofunikwa peke yake.

Mfano wa karibu ni kijiji cha Nuiqsut, magharibi mwa Prudhoe Bay, ambacho sasa kina visima pande kadhaa. Mradi wa Willow, ulioidhinishwa Machi 2023 katika eneo hilo, uliungwa mkono na viongozi wa mkoa na kampuni ya wenyeji, lakini ulipingwa na viongozi wa kijiji chenyewe, waliohofia uwindaji na afya. Mapato yaligawanywa mkoa mzima, bali kelele, moshi na vizuizi vya njia za karibuu vilibaki kwa walio karibu.

Sheria za Marekani zinataka athari za mazingira zichunguzwe na wenyeji washauriwe kabla ya mradi kuidhinishwa. Wagwich'in wamelalamika kwamba kushauriwa si sawa na kuridhia, kwani serikali inaweza kusikiliza na kuendelea na uamuzi wake. Kaktovik wametoa lalamiko kama hilo kwa upande wa pili: wamesema serikali zilizofunga uwanda hazikuwauliza wao wenye ardhi.

Hali tangu 2017

Desemba 2017 Bunge lilibadilisha sheria na kuagiza minada miwili ya vitalu uwandani, huku mitambo ikiwekewa kikomo cha ekari 2,000. Lengo lilikuwa kuipatia serikali kuu takriban dola bilioni 1 katika miaka 10. Wagwich'in walikwenda mahakamani, na pia kwa mabenki. Kufikia mwisho wa 2020 mabenki makubwa ya Marekani yalikuwa yametangaza kutofadhili mafuta ya Aktiki.

Mnada wa kwanza ulifanyika tarehe 6 Januari 2021. Hakuna kampuni kubwa ya mafuta iliyojitokeza. Mnada ulileta dola milioni 14.4 tu, na mnunuzi mkuu alikuwa AIDEA, shirika la umma la jimbo la Alaska lenyewe. Kampuni mbili ndogo zilizonunua kitalu kimoja kimoja zilivirudisha mwaka 2022. Serikali ya rais Joe Biden ilisimamisha shughuli, na Septemba 2023 ikafuta vitalu saba vilivyobaki. Mnada wa pili, Januari 2025, haukupata mnunuzi hata mmoja.

Machi 2025 mahakama iliamua kwamba vitalu vya AIDEA vilifutwa kinyume cha sheria. Julai mwaka huohuo Bunge liliagiza minada mingine minne ndani ya miaka 10, na mwezi Oktoba serikali ya rais Donald Trump ikatangaza kufungua tena uwanda wote kwa minada. Mabadiliko haya ya mara kwa mara ni tatizo kwa pande zote. Kampuni haziwezi kupanga uwekezaji wa miaka 30 kwa ruhusa inayoweza kuondolewa baada ya miaka minne. Kaktovik hawawezi kupanga bajeti kwa mapato yasiyo na uhakika. Nao Wagwich'in, kila uchaguzi unapofika, hulazimika kuanza upya kutetea mahali wanapozaliwa karibuu wao.